Mtungi wa Madamu Mwantum na Maji Yasiyokuwa Yangu

Alhamisi tarehe 24 Julai 2025, Madamu Mwantum Tajudini atakabidhi ufunguo wa darasa la pili na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha. Kumi na tisa ya mwisho ameifanya hapa kwetu Nyumba ya Njano, kituo cha watoto wenye usonji, mtaani Bwiza. Kamati ya sherehe imemwomba katibu wa kituo aandike wasifu wake katika kurasa hizi za ratiba. Katibu huyo anaitwa Melchior, anakaa Musaga, na anajulikana kwa jambo moja: huangalia saa hata padri anapobariki. Ndiye aliyepanga kila ratiba ya kituo tangu mlango ulipofunguliwa, kwa hiyo anayo mengi ya kusema juu ya mstaafu wetu. Analo pia la kuungama, nalo litafika zamu yake.

Madamu Mwantum alizaliwa hapa hapa Bwiza mwaka 1965. Baba yake, marehemu Mzee Tajudini, alikuwa akipima na kukata vitambaa katika duka la Mgiriki mmoja, Bwana Stavro, enzi zile Wagiriki walipokuwa na maduka mjini. Mchana, jua likiwa kali na wateja wamepungua, Bwana Stavro alikunywa kahawa yake na kumsimulia mfanyakazi wake visa vya kale vya kwao. Jioni Mzee Tajudini aliviingiza nyumbani pamoja na mkate, akiwa ameshavitia chumvi njiani. Madamu Mwantum anasema mpaka anaanza shule aliamini kwamba mji wa Athene uko jirani na Uvira, ng'ambo tu ya ziwa.

Bwana Stavro alipofunga duka na kurudi kwao, alimwachia Mzee Tajudini kitabu cha picha kisicho na jalada, maandishi yake ya Kifaransa. Hakuna aliyeweza kukisoma nyumbani. Wenzake Mwantum walijifunza Kifaransa kwa sababu ya mitihani. Yeye alijifunza ili ajue yule kijana mwenye ndara moja, ukurasa wa kumi na nne, alikuwa anakwenda wapi. Kitabu hicho angali nacho, kimefungwa kwa kitambaa, na hakiazimwi hata kwa katibu.

Mwaka 1987 alianza kufundisha historia katika shule ya sekondari. Alifundisha huko miaka kumi na tisa, na wapo leo mjini watu wazima wenye mvi wanaomwona barabarani na kuficha sigara. Angeweza kubaki huko mpaka mwisho, lakini dada yake alikuwa na mtoto ambaye majirani walisema amelogwa. Mtoto huyo alifungiwa ndani ili watu wasimwone. Mwantum alikwenda kukaa naye kila Jumapili, na hizo Jumapili ndizo zilizomfikisha kwetu mwaka 2006, kituo kilipofunguliwa na vyumba vitatu, benchi mbili na ukuta mbichi wa rangi ya njano ulioharibu suruali ya katibu siku ya ufunguzi.

Alikuja na kitabu chake. Wengine tulikuja na chati, kalenda na vitabu vya mafunzo. Tulimcheka kidogo, kusema kweli. Tulijiuliza Wagiriki wa kale na mtoto wa mtaa wa Kamenge asiyeangalia watu usoni wanahusianaje. Yeye hakubishana. Alichagua kisa kimoja, akakisimulia kwa maneno yale yale, kwa vitu vile vile juu ya meza, siku baada ya siku, wiki tatu nzima. Sisi watu wazima tulichoka siku ya nne. Watoto hawakuchoka, kwa kuwa dunia ya nje iliwabadilikia kila dakika, na hapa palikuwa na dunia ambayo jahazi lake la udongo liliegeshwa kila siku pale pale, upande wa kushoto wa beseni.

Tuchukue mfano wa Valéry. Alikuja akiwa na miaka saba, na kila asubuhi alifika na kiatu kimoja mguuni, mama yake nyuma akihema na kingine mkononi. Kiatu cha kushoto hakukitaka kabisa. Tulijaribu soksi laini, tulijaribu ndara, tulijaribu biskuti. Madamu Mwantum akafungua ukurasa wa kumi na nne. Akasimulia habari za Yasoni, aliyevuka mto, ndara moja ikabaki kwenye matope, akaingia mjini na mguu mmoja mtupu. Na mfalme wa mji ule aliposikia akatetemeka, maana aliwahi kuonywa amwogope mtu wa ndara moja. Valéry alisikiliza akiangalia dari. Kesho yake darasa zima, kwa amri ya Madamu, lilikuwa na kiatu kimoja kimoja. Kwa muda wa wiki tano kituo chetu kilikuwa kituo cha mguu mmoja, na mkaguzi aliyekuja bila taarifa alimkuta katibu ofisini akiwa amevaa tai, saa, na kiatu cha kulia tu.

Halafu Madamu akasimulia jinsi Yasoni alivyopanda merikebu, na kwamba katika merikebu ile mbao za sakafu zilikuwa na misumari, hivyo kila baharia alivaa viatu vyote viwili. Hiyo misumari haimo kitabuni, aliitunga mwenyewe, kwa sababu mvua zilikuwa zinakaribia na njia za Bwiza zina chupa zilizovunjika. Siku hiyo Valéry alimpokonya mama yake kiatu na kukivaa. Kisha akatukagua sote, mmoja mmoja, kama tumevaa.

Na baa ya jirani, ambayo hujaribu vipaza sauti vyake saa nne asubuhi? Zamani saa nne ilikuwa saa ya vilio. Watoto walijibanza chini ya meza na mikono masikioni, nasi tukawavuta mikono hiyo na kuwaambia waache. Nasikitika kuandika hivyo, lakini tulifanya hivyo. Madamu Mwantum aliwasimulia habari za mabaharia waliopita karibu na kisiwa chenye nyimbo za hatari, wakaziba masikio kwa nta. Akawagawia pamba iliyopakwa nta ya nyuki. Kuanzia hapo, muziki ukianza, watoto huziba masikio kwa fahari na kushika makasia ya mbao mpaka upite. Aliyekuwa mwoga jana, leo ni baharia. Wazazi kadhaa wameomba pamba hiyo kwa ajili ya harusi za ukoo.

Si kila mtu alifurahi. Asubuhi moja baba mmoja, mwenye duka la vipuri, alisimama mlangoni na kofia yake nyeupe, akasema kwa heshima: “Madamu, mutoto wangu anarudi na miungu mingi mingi. Nyumba yangu iko na Mungu moja tu.” Kabla hajamaliza, akafika katekista na lalamiko lile lile kwa niaba ya parokia. Madamu, ambaye hajakosa swala tangu nimjue, aliwawekea chai wote wawili kwenye benchi moja. Akawaeleza kwamba miungu ameiacha kitabuni, walioingia darasani ni watu tu: aliyepoteza ndara, aliyeogopa kelele, aliyesubiri zamu. Wale mabwana walikunywa chai, wakagundua kwamba kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo, wakaondoka wakizungumzia bei ya mafuta ya gari.

Zamu. Hapo ndipo inapoanzia ile sehemu ambayo katibu angependa kuiruka.

Mwaka 2011 Madamu Mwantum aliacha kidogo visa na kuingia katika historia yenyewe. Aliwaambia watoto kwamba katika mahakama za Athene ya kale, msemaji alipimiwa maji. Mtungi wenye tundu dogo chini ulijazwa, kizibo kikatolewa, na kwa muda wote ambao maji yalitiririka, baraza lote lilikuwa lake. Mdai na mshtakiwa walipewa maji sawa. Akaenda sokoni kwa mama mfinyanzi, akanunua mitungi mitatu, akaitoboa kwa msumari. Miwili ilipasuka. Wa tatu ndio tulio nao mpaka leo. Aliuweka juu ya kigoda kirefu, chini akaweka beseni jeupe lenye maua mekundu ubavuni, na tundu akaliziba kwa gunzi la mhindi.

Hilo likawa Baraza la Maji, kila Alhamisi saa nne na nusu. Mtoto huketi kwenye kiti cha mbele, Madamu hutoa gunzi, na mpaka tone la mwisho hakuna anayeruhusiwa kusema, kuita, kusahihisha wala kusaidia. Mtoto aweza kusema. Aweza kuimba, kupiga makofi, kutaja majina ya vituo vyote vya basi kutoka Musaga hadi sokoni, kama mmoja alivyofanya kwa mwaka mzima. Aweza pia kunyamaza. Madamu alikuwa na daftari, na humo kunyamaza kuliandikwa sawasawa na kusema. Katibu aliupima mtungi kwa saa yake: dakika saba na sekunde ishirini. Akaandika kwenye ratiba “dakika saba”. Madamu alimwomba aandike “mtungi mmoja”. Akakataa, akasema ratiba haijui mitungi.

Mwaka 2012 alikuja Yasmina, binti wa Mama Houda anayeuza vitenge hapa Bwiza. Alikuwa na miaka saba na hakuwa ametamka neno tangu kuzaliwa. Alipenda vitu viwili: kupanga rangi, na Baraza la Maji. Kila Alhamisi aliketi kwenye kiti, mikono mapajani, akaangalia maji yakishuka hadi tone la mwisho, akainuka. Daftari la Madamu lina kurasa na kurasa zenye mstari mmoja unaorudiwa: “Yasmina. Amenyamaza. Maji yote.” Hakuna mstari uliompendeza Madamu kama huo. Alisema huyu ndiye Mwathene wa kweli, anayajua maji yake.

Nimechoka kujiita katibu kana kwamba ni mtu mwingine. Ni mimi.

Machi 2014 walikuja wageni kutoka ofisi moja kubwa, kuamua kama tunastahili nyumba pana zaidi. Nilikuwa nimeandaa ratiba ya kurasa mbili. Walitakiwa kufika saa tatu, wakafika saa nne na dakika kumi, na saa tano walikuwa na mkutano kwingine. Jasho lilinilowesha shati zima. Madamu alishauri tufute wimbo, tufute na hotuba yangu, tubaki na Baraza. Hotuba yangu sikuifuta. Niliisoma, ndefu, na Baraza likaanza limechelewa. Mtoto wa kwanza aliimba, wageni wakapiga makofi kabla ya maji kwisha. Wa pili alitaja vituo vya basi, wakacheka vizuri. Wa tatu akaketi Yasmina, aliyekuwa na miaka tisa.

Alinyamaza. Dakika moja, mbili, nne. Mgeni mmoja akafungua simu. Mwingine akanitazama, akagusa mkono wake mahali pa saa. Maji kwenye beseni yalikuwa yamefika ua la pili. Wazazi walikuwa wamejaa dirishani, na Madamu Mwantum alikuwa amesimama kando, gunzi mkononi, macho yake kwa Yasmina tu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa. Nilipiga hatua mbili, nikaweka kidole changu kwenye tundu, nikasema kwa sauti ya furaha kwamba tunamshukuru sana Yasmina, na sasa tuendelee.

Ndipo niliposikia. Sauti ilikuwa imeshaanza. Haikuwa neno bado, ilikuwa mwanzo tu wa kitu, kama mlango unaosukumwa kwa ndani, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya tundu. Yasmina alikuwa amefungua mdomo. Aliangalia maji yaliyosimama, akafunga mdomo, akashuka kwenye kiti na kwenda chini ya meza. Wageni hawakuona kitu. Waliridhika sana, na baada ya mwezi wakatuletea viti vya plastiki na saa ya ukutani.

Jioni ile, watu walipokwisha kuondoka, Madamu Mwantum alikuja ofisini kwangu. Nilijiandaa kugombezwa, na naapa ningefurahi. Alisimama mlangoni, akasema: “Melchior, ile maji haikukuwa ya kwako.” Akaenda zake. Katika miaka kumi na moja iliyofuata hakuligusa tena jambo hilo, si kwa neno, si kwa jicho. Siku ya Idi aliniletea pilau kama kawaida. Mke wangu alipojifungua, yeye ndiye aliyemkanda mgongo.

Yasmina hakuketi tena kwenye kile kiti. Alikuja kituoni, alipanga rangi, alikula, alishika kasia muziki ulipoanza, lakini Alhamisi saa nne na nusu alikwenda kukaa uani. Wala mdomo ule haukufunguka tena, nyumbani wala kwetu. Mama Houda aliniambia siku chache baadaye, bila ukali: “Alikuwa anataka kusema. Mi niliona mudomo yake.” Nilisema kwamba daktari anasema huenda mdomo ulifunguka kwa bahati tu. Hakuna daktari aliyesema hivyo.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Madamu Mwantum aliyazoa. Kila Alhamisi, watoto wote walipomaliza zamu zao, aliyarudisha maji ya beseni mtungini, akatoa gunzi, na mtungi mzima ukatiririka mbele ya kiti kitupu. Sote tulikaa kimya. Kisha akaandika: “Yasmina. Hayupo. Maji yote.” Yasmina alipotimiza miaka kumi na sita na kuacha kituo ili asaidie dukani kwa mama yake, nilidhani desturi hiyo itakwisha. Haikwisha. Nimehesabu daftari zake, maana mimi ni mtu wa kuhesabu: mitungi mia nne na kumi na miwili imemwagikia kiti kitupu, na kila mmoja nilikuwepo, na kila mmoja nilitamani kuwa mahali pengine.

Muda mrefu nilifikiri ninajua kilichomuuma Madamu. Nilifikiri anasubiri lile neno. Mwezi wa sita mwaka huu, kamati ilipomwuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, kitanda, jiko au kitambaa kizuri, alijibu: “Mi sitaki cadeau. Mi nataka nione Yasmina kwa kile kiti, basi. Asisemi kitu, ni sawa.” Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote hiyo tumekuwa na misiba miwili tofauti. Mimi nililia neno, kwa kuwa neno lingenipa cha kuandika kwenye ripoti. Yeye alilia zamu ya mtoto, iliyochukuliwa mbele ya macho yake na mtu aliyekuwa na hotuba.

Jumatano tarehe 9 Julai nilimwomba Madamu mtungi. Alinipa, na beseni, na gunzi, hakuuliza. Nilivuka Bwiza nimeukumbatia mtungi kifuani. Mafundi wa gereji waliniuliza kama pombe ya mtama imeiva, wakaniita bwana harusi anayepeleka pombe ukweni. Nilifika dukani kwa Mama Houda saa tisa, nikatua mzigo wangu kati ya marobota, na kueleza nilichokuja kufanya. Nilitaka anisamehe yeye, kisha anisaidie kuomba msamaha kwa binti yake, mambo yaishe vizuri. Mama Houda alitikisa kichwa. “Apana. Mi siwezi kumusemea. Muulize yeye mwenyewe, hata kama hajibu.”

Yasmina ana miaka ishirini sasa. Alikuwa nyuma ya meza akipanga vitenge, manjano kuelekea kijani. Nilijaza mtungi kwa maji ya jerikani, nikavua saa, nikaitia mfukoni, nikaketi. Mtungi wa kwanza ulikuwa wangu. Nilitoa gunzi na kusema niliyokuwa nayo: kwamba nilichukua maji yake, kwamba sikuwa na haki, kwamba naomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka kumi na moja, na yalipokwisha maji yalikuwa hayajafunika hata kitako cha beseni. Ikanibidi nikae na yaliyobaki. Wateja wawili waliingia, wakaona mtu mzima analia mbele ya mtungi, wakatoka nje kungoja.

Yangu yalipokwisha, nilirudisha gunzi, nikaujaza tena, nikainuka, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa vitambaa. Sikumwita. Baada ya muda Yasmina alikunja kitenge alichokuwa nacho, akakiweka mahali pake, akaja kuketi. Alitoa gunzi mwenyewe. Aliangalia maji kama alivyoyaangalia akiwa na miaka saba, mikono mapajani. Maji yalipofika ua la pili la beseni, alinyoosha mkono, akaweka kidole kwenye tundu, na maji yakasimama.

Alikaa hivyo, ananitazama mkono, ule ule niliozibia maji yake. Sijui ilikuwa muda gani, saa yangu ilikuwa mfukoni. Halafu akaondoa kidole, maji yakashuka mpaka tone la mwisho, akainuka na kurudi kwenye vitenge vyake. Hakusema neno. Nilipoinama kukusanya vitu, niliona gunzi halipo. Yasmina alikuwa amelitia katika mfuko wa gauni lake na kuukandamiza kwa kiganja. Mama Houda alijifuta macho kwa pindo la kitenge. “Acha akae nalo,” akasema. “Mutungi haiwezi kukaa bila gunzi. Atalileta.”

Kesho yake Madamu Mwantum alikuta mtungi hauna kizibo. Nilisimama pale na maelezo yangu tayari, lakini hakuyataka. Aliangalia tundu, akaniangalia mimi, akacheka kwa namna ambayo sijamsikia akicheka tangu Machi ile. Tangu siku hiyo huziba tundu kwa kidole chake mwenyewe kati ya zamu na zamu. Amekataa gunzi jingine, ingawa watoto wamemletea kumi na manne.

Madamu Mwantum, kwa miaka yako kumi na tisa nasi, asante. Asante kwa niaba ya Valéry, ambaye sasa ni kijana mrefu mwenye viatu vikubwa viwili, kwa niaba ya mabaharia wote wa saa nne, na kwa niaba ya wazazi waliokuja kwako wakiwa wamewaficha watoto wao na kutoka wamewashika mkono. Mwalimu Orlane, atakayelipokea darasa la pili, ameshajifunza visa vyote kwa maneno yale yale, na misumari ya merikebu ameiacha palepale ulipoipigilia. Mimi nasikitika unaondoka. Nasikitika zaidi kwamba nilihitaji miaka kumi na moja kutembea njia ya dakika kumi hadi dukani kwa Mama Houda, na ungeweza kwenda nyumbani na moyo mwepesi zamani. Umri wako wa kupumzika na uwe mtungi uliojaa hadi mdomoni, Mungu akujalie uutumie wote, na asitokee mtu wa kukuharakisha.

Wageni wote, wa heshima na wa kawaida, wanaombwa kusoma ratiba iliyo nyuma ya karatasi hii. Kila kipengele kimepangiwa saa na dakika, kama kawaida yangu, na hotuba ya katibu imefutwa. Kipengele cha mwisho tu ndicho kisicho na muda. Mwenye haraka aondoke kabla ya hapo, gari lake likiwa tayari. Watakaobaki wazime simu, wasipige makofi, wasimtazame yeyote kwa kumhimiza. Kama kiti kitabaki kitupu, tutakaa vivyo hivyo.

Saa tano na nusu: chai na sambusa.

Baada ya chai: maji ya Yasmina. Mtungi mmoja. Msimamizi: Melchior, mikono mgongoni.